Umeme wa Jua na Kidhibiti Chaji

Bila shaka umewahi kuona bamba jeusi au la samawati, linalong'aa kama kioo, limelazwa juu ya paa la nyumba, duka au zahanati. Bamba hilo huitwa paneli ya jua. Kutoka katika paneli hushuka waya mbili ambazo huingia ndani ya nyumba. Ukizifuata waya hizo, hutakuta kwamba zimekwenda moja kwa moja mpaka kwenye betri. Utakuta zimeingia kwanza katika kisanduku kidogo kilichofungwa ukutani, ambacho pengine hakizidi ukubwa wa kitabu hiki. Kisanduku hicho ndicho kidhibiti chaji. Mafundi na wenye maduka hukiita kontrola, nawe ukienda dukani utaeleweka upesi zaidi ukilitumia jina hilo.

Kidhibiti chaji hakitengenezi umeme, wala hakiweki akiba ya umeme. Kwa sababu hiyo wako watu wanaodhani kwamba ni kitu cha anasa, na wengine hukiacha ili wapunguze gharama. Watu hao wanakosea, na kosa lao huonekana baada ya miezi michache.

Fikiria zahanati ya kijiji ambayo haijafikiwa na nguzo za umeme. Zahanati hiyo ina paneli moja, betri moja na taa tatu: moja katika chumba cha kujifungulia, moja katika chumba cha mganga, na ya tatu barazani. Mama mjamzito akiletwa saa nane za usiku, mkunga huitegemea ile taa ya kwanza. Isipowaka, itambidi mkunga ashike tochi kwa mkono mmoja na kumhudumia mama kwa mkono wa pili. Sasa tutazame jinsi taa hiyo inavyopata umeme, na mambo yanayoweza kuizima.

Paneli

Ukiitazama paneli kwa karibu utaona kwamba imegawanyika katika vipande vingi vilivyopangwa kwa safu. Kila kipande huitwa seli. Seli hutengenezwa kwa silikoni, kitu ambacho hupatikana kutokana na mchanga. Mwanga wa jua unapoipiga seli, umeme huanza kupita katika waya zake. Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi ilitengenezwa Marekani mwaka 1954, katika maabara ya Bell. Kati ya sehemu 100 za nguvu ya jua iliyoipata, seli hiyo iligeuza sehemu 6 hivi tu kuwa umeme. Paneli nyingi zinazouzwa siku hizi hugeuza sehemu 20 hivi.

Umekwisha kujifunza kwamba msukumo wa umeme hupimwa kwa volti, na wingi wa umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea. Seli moja ya jua ina msukumo mdogo sana, yaani nusu volti tu. Kwa hiyo seli 36 huunganishwa kwa kufuatana, kama unavyozipanga betri ndani ya tochi. Zidisha 36 kwa nusu nawe utapata volti 18. Paneli ikiachwa juani bila kuunganishwa na chochote, msukumo wake hupanda hata kufika volti 21 au 22.

Huenda ukauliza: kama betri yetu ni ya volti 12, kwa nini paneli itengenezwe kwa volti 18? Jibu lake ni rahisi. Maji hayatoki katika pipa moja kwenda katika pipa jingine ila pipa la kwanza likiwa juu zaidi. Umeme nao hautaingia katika betri ila msukumo wa paneli ukiuzidi msukumo wa betri. Tena paneli haipati jua kali siku zote. Kukiwa na mawingu, na hata paneli ikipata moto sana wakati wa mchana, volti zake hupungua. Wale walioitengeneza waliiwekea ziada ili iweze kuijaza betri hata katika siku isiyo nzuri. Lakini ziada hiyo inayotusaidia siku ya mawingu huweza kutudhuru siku ya jua kali, kama utakavyoona.

Betri

Betri inayotumika sana pamoja na paneli ni ile ya risasi na asidi, jamaa ya betri ya gari. Aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita, na kila chumba kina msukumo wa volti 2. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika maji yenye asidi ya salfuriki. Usiiguse asidi hiyo hata siku moja. Huunguza ngozi na kutoboa nguo, na ikiingia machoni hupofusha.

Taa inapowaka, sehemu ya asidi huacha maji na kushikamana na mabamba. Mabamba hufunikwa kidogo kidogo na unga wa rangi nyeupe uitwao salfeti ya risasi, na yale maji hupungukiwa na ukali. Unapoichaji betri, mambo hayo hurudi nyuma: unga huyeyuka kutoka katika mabamba, na asidi hurudi majini. Kwa hiyo betri haijazwi umeme kama mtungi unavyojazwa maji. Umeme unaoingia hufanya kazi ya kubadili vitu vilivyomo ndani, na vitu hivyo vinapobadilika tena hutupa umeme. Hata hivyo mfano wa mtungi unasaidia, nasi tutautumia.

Fundi akitaka kujua hali ya betri iliyopumzika, huipima volti zake. Ikiwa imejaa, mita yake itasoma volti 12.7 hivi. Ikiwa imebaki nusu, itasoma 12.2 hivi. Ikisoma 11.8, betri imekwisha, ingawa jina lake bado ni betri ya volti 12. Tazama jinsi tofauti ilivyo ndogo! Kati ya kujaa na kuisha hapafiki hata volti moja. Mtu hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho, lakini kidhibiti chaji huiona.

Maradhi matatu ya betri

Betri ya risasi huuawa na mambo matatu, na yote matatu yangetokea katika zahanati yetu kama paneli ingefungwa kwenye betri moja kwa moja.

La kwanza ni kuzidishiwa chaji. Tuseme betri imejaa saa sita mchana, na jua bado ni kali. Paneli haijui kwamba betri imejaa. Itaendelea kusukuma umeme mpaka jioni. Mabamba hayana tena unga wa kuyeyushwa, kwa hiyo umeme huanza kuyavunja maji yenyewe kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Ukisikiliza utasikia betri ikitokota kama chungu kilicho motoni. Maji hupungua, mabamba huachwa wazi juu ya maji na kuharibika. Tena haidrojeni ni gesi inayolipuka. Ndiyo maana betri huwekwa mahali penye hewa, na ni mwiko kuichungulia kwa kibiriti au mshumaa.

La pili ni kumalizwa kabisa. Betri ikitumiwa mpaka iishe, na ikaachwa hivyo kwa siku nyingi, ule unga ulio juu ya mabamba huwa mgumu kama kutu. Ukigeuka hivyo, hauyeyuki tena hata ukiichaji betri kwa wiki nzima. Sehemu ya bamba iliyofunikwa imekufa. Betri iliyokuwa ikiwasha taa usiku kucha sasa itaziwasha kwa saa mbili, kisha saa moja, kisha dakika chache. Betri nyingi za umeme wa jua hufa kifo hiki kuliko kile cha kwanza.

La tatu ni kuvuja usiku. Jua likitua, paneli haina msukumo tena, lakini betri inao. Sasa umeme hutaka kurudi kutoka katika betri kwenda katika paneli. Unaovuja si mwingi, lakini usiku una saa 12, na mwezi una siku 30.

Jaribio

Chukua makopo mawili yaliyo sawa. Toboa kila kopo karibu na kitako chake, uingize ncha za mpira mwembamba katika matundu hayo, na kuziba pembeni kwa nta au ulimbo. Weka kopo la kwanza juu ya meza na la pili juu ya kigoda kifupi, kisha tia maji katika kopo la kwanza. Maji yanakwenda wapi? Kopo la pili linapokaribia kujaa, usifanye kitu. Umeona nini sakafuni? Rudia jaribio, lakini sasa ubane mpira kwa vidole kabla maji hayajafurika.

Kisha ondoa kopo la kwanza mezani, uliweke sakafuni, na kuuachia mpira. Maji yanarudi yalikotoka. Kopo la kwanza ni paneli, kopo la pili ni betri, na lile la sakafuni ni paneli wakati wa usiku. Vidole vyako ndivyo kidhibiti chaji.

Jinsi kidhibiti kinavyofanya kazi

Ndani ya kidhibiti mna vipande vidogo viitwavyo transista, ambavyo hufungua na kufunga njia ya umeme kama swichi. Havina kitu kinachosogea, kwa hiyo huweza kufungua na kufunga mara nyingi katika sekunde moja bila kuchakaa. Kidhibiti huzipima volti za betri wakati wote, mchana na usiku, na kuamua kufungua au kufunga.

Mfikirie mtu anayejaza mtungi kwa ndoo. Mwanzoni humimina maji kwa nguvu. Mtungi ukikaribia kujaa hupunguza mkono ili maji yasimwagike. Ukijaa kabisa, huongeza kidogo tu pale maji yanapopungua. Kidhibiti hufanya vivyo hivyo. Asubuhi, betri ikiwa imetumika usiku, kidhibiti huacha njia wazi na umeme wote wa paneli huingia. Volti za betri hupanda polepole. Zikifika 14.4 hivi, betri inakaribia kujaa na maji yake yanakaribia kutokota. Hapo kidhibiti huanza kufungua na kufunga kwa haraka, na kila inapopita dakika hufunga muda mrefu zaidi na kufungua muda mfupi zaidi. Volti hazipandi tena, na umeme unaoingia hupungua. Betri ikijaa, kidhibiti hushusha volti mpaka 13.7 hivi na kuingiza umeme mdogo tu wa kuihifadhi mpaka jioni. Kwa hiyo usishangae ukiona kwamba saa nane mchana, jua likiwa kali, umeme unaoingia ni mdogo kuliko ule wa saa tatu asubuhi. Kidhibiti hakijaharibika.

Usiku njia ya paneli hufungwa, na umeme haurudi nyuma. Kazi hii ni nyepesi nasi hatuna haja ya kuieleza zaidi.

Sasa tuje upande wa taa. Waya za taa nazo hufungwa katika kidhibiti, si katika betri. Volti za betri zikishuka mpaka 11 na kitu hivi, kidhibiti huzikata taa zote hata kama watu bado wanazihitaji. Hapo ndipo watu wengi hukikasirikia. Lakini kimeizuia betri isife.

Taa zikikatwa, volti za betri hupanda zenyewe kidogo, kama mtu aliyetua mzigo anavyopata nafuu. Kama kidhibiti kingezirudisha taa mara hiyo hiyo, volti zingeshuka tena, taa zingezimika, kisha zingewaka, na hivyo zingepepesa usiku kucha. Kwa hiyo kidhibiti husubiri. Hakirudishi taa mpaka volti zifike 12.6 hivi, yaani mpaka betri ipate chaji ya kutosha kutoka kwa jua la siku inayofuata.

Hesabu ya zahanati

Paneli ya zahanati yetu ni ya wati 50. Jua likiwa kali hutoa umeme wa ampea 3 hivi. Tuseme kwamba kwa siku hupata jua kali kwa saa 5. Zidisha ampea 3 kwa saa 5, upate ampea-saa 15. Hiyo ndiyo mapato ya siku moja.

Sasa tutazame matumizi. Kila taa ni ya wati 6. Gawanya wati 6 kwa volti 12: taa moja hutumia nusu ampea, na taa tatu hutumia ampea moja na nusu. Zikiwaka kwa saa 8 hutumia ampea-saa 12. Mapato ni 15 na matumizi ni 12. Zile 3 zilizobaki si faida, kwa maana betri hairudishi umeme wote iliopewa. Hata hivyo mambo ni mazuri. Betri ni ya ampea-saa 50. Hata mawingu mazito ya masika yakilifunika jua kwa siku mbili mfululizo, taa zitakuwa zimetumia ampea-saa 24, na betri itabaki na zaidi kidogo ya nusu. Mafundi wazuri hushauri betri ya risasi isishushwe chini ya nusu mara kwa mara.

Kisha mtu analeta televisheni ya wati 36 ili wagonjwa waitazame barazani jioni. Nia yake ni njema. Televisheni hiyo hutumia ampea 3. Ikiwashwa kwa saa 4 hula ampea-saa 12, sawa na taa zote tatu. Sasa matumizi ni 24 kila usiku. Fuata hesabu hii kwa makini. Betri ilikuwa imejaa, yaani 50. Baada ya usiku wa kwanza hubaki 26. Jua huongeza 15, ikawa 41. Baada ya usiku wa pili hubaki 17. Jua huongeza 15, ikawa 32. Usiku wa tatu, kabla hapajakucha, zinabaki 8 tu, na kidhibiti hukata taa.

Watu husema, "Kontrola ni mbovu." Anaitwa mtu ajuaye kufunga waya, naye anazitoa waya za taa katika kidhibiti na kuzifunga moja kwa moja kwenye betri. Taa zinawaka! Kila mtu anafurahi. Lakini betri sasa inatumiwa mpaka mwisho kila usiku, mabamba yanafunikwa na ule unga mgumu, na baada ya miezi michache haiwezi kuwasha hata taa moja ya chumba cha kujifungulia mpaka asubuhi. Televisheni ndiyo iliyokuwa na kosa, au paneli ilikuwa ndogo kwa televisheni hiyo. Kidhibiti kilisema kweli, ila hakuna aliyekisikiliza.

Kukifunga kidhibiti

Kazi ya kufunga ni ya fundi, lakini yafaa uijue. Chini ya kidhibiti mna skrubu sita, mbili za paneli, mbili za betri na mbili za taa, na kila jozi ina alama zake za kuongeza na kutoa. Betri hufungwa kwanza, kwa sababu kidhibiti hupata nguvu za kufanyia kazi kutoka kwake, na vingi hutambua hapo kama betri ni ya volti 12 au 24. Halafu hufungwa paneli, na mwisho taa. Wakati wa kufungua, paneli hutolewa kabla ya betri. Karibu na betri huwekwa fyuzi, kwani waya za betri zikigusana huweza kuwasha moto. Kidhibiti hufungwa karibu na betri lakini si juu yake, maana mvuke wa asidi hukila.

Paneli yenyewe hapa Tanzania huelekezwa kaskazini, kwa kuwa nchi yetu iko kusini ya Ikweta. Huinamishwa kidogo ili mvua iteremke na vumbi lake. Vumbi ni adui asiyeogopwa. Paneli chafu hupunguza mapato ya siku, na kidhibiti hakiwezi kuleta umeme ambao paneli haikuutoa.

Viko vidhibiti vya aina nyingine, vya bei kubwa zaidi, ambavyo havipotezi zile volti za ziada za paneli, bali huzigeuza ziwe ampea na kuziingiza katika betri. Ziko pia betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na hudumu zaidi. Hizo huhitaji volti tofauti na zile za risasi, kwa hiyo kidhibiti kilichowekwa kwa betri ya risasi kisitumiwe kwa betri ya lithiamu bila fundi kukibadili mipango yake.

Maswali

1. Kwa nini paneli ya kuchaji betri ya volti 12 hutengenezwa kwa volti 18?

2. Ukisikia betri inatokota mchana, ni kitu gani kinachotokea ndani yake? Kwa nini usiwashe kibiriti karibu nayo?

3. Taa zilikatwa usiku wa manane. Asubuhi saa moja bado haziwaki, ingawa jua limechomoza. Mweleze mganga sababu.

4. Katika jaribio la makopo, vidole vyako vilifanya kazi mbili za kidhibiti. Zitaje. Ni kazi gani ya kidhibiti ambayo jaribio hilo halikuionyesha?

5. Mganga anataka televisheni ibaki, lakini iwashwe kwa saa 1 tu kila jioni. Taa tatu zitawaka kwa saa 8 kama kawaida. Fanya hesabu ya usiku mmoja, kisha useme kama mapato ya paneli yatatosha.